Kielelezo Namba Saba

Spika ya kushoto ina kovu.
Panya aliitoboa karatasi yake mwaka ule wa mvua nyingi,
nikaiziba kwa kiraka cha tyubu ya baiskeli
na gundi ya fundi viatu wa Chikongola.
Tangu hapo besi ikishuka chini kabisa
inakoroma, kama mlevi aliyelala chali.
Mtwara nzima hakuna spika nyingine inayokoroma vile.
Lishike neno hilo, tutalirudia.

Kibali tulikwenda kukiomba mapema,
mimi na Somoe Nachilongo,
yule anayechana mistari mpaka mate yanamkauka.
Afande wa mapokezi akauliza: Harusi?
Hapana.
Maulidi? Injili? Chama?
Hapana, afande. Singeli, na vijana wa kuchana.
Akaweka kalamu chini taratibu,
kama mtu aliyepewa habari ya msiba.
Karani akaninong'oneza: Andika ngoma ya asili.
Ngoma ya asili haina matatizo.
Somoe akamsikia.
"Bibi yangu alicheza sindimba mbele ya wageni wa serikali,
mkampigia makofi.
Kiuno hiki ni chake, sikukinunua dukani.
Ngoma ni ileile, sisi tumeongeza umeme tu."

Hatukupewa, wala hatukunyimwa.
Njoo kesho. Mkuu yuko Masasi.
Njoo Jumatatu, muhuri umekauka.
Na korosho zilikuwa zimeshalipwa, mtaa una hela,
na hela ya korosho haijui kungoja Jumatatu.

Tukawasha jenereta Jumamosi, nyuma ya ghala.
Saa tatu kasoro. Mama Zainabu na mihogo yake,
Nampala na viatu vyekundu, vipya,
bado vina karatasi ya bei kwenye soli.
Nyumba ya tatu kulikuwa na harusi,
taarabu imefunguliwa mpaka mabati yanatetemeka.
Gari likaja.
Likapita mbele ya harusi kwa adabu, limepunguza taa,
likasimama kwetu.

Virungu sitavisimulia, kila mtu anavijua.
Nitasema tu kwamba Nampala alikimbia na kiatu kimoja,
na kwamba askari mmoja, rika letu kabisa,
alikuwa anatamka beti za Somoe mdomoni, bila sauti,
huku ananipokonya waya.

Daftarini wakaandika: spika mbili, nyeusi, kielelezo namba saba.
Kosa?
Kelele.
Nikauliza kelele za nani, maana harusi
ilikuwa bado inaimba, hata pale kituoni tunaisikia.
"Zile shangwe," akanijibu. "Zenu fujo."
Basi.
Chongo la jirani ni kengeza,
letu sisi ni upofu.

Miezi minne nimekwenda kuzidai.
Nimezikuta zimefanywa meza:
birika la chai, daftari la wageni,
na siku moja papai lililokatwa nusu.
Njoo kesho. Kesi haijaitwa.
Somoe sasa anauza vocha stendi,
anachana kimya kimya akihesabu chenji.

Halafu juzi usiku, narudi kutoka Ligula,
nikapita ukutani kwa bwalo lao.
Siku ya familia za askari, mapambo, nyama inachomwa.
Saa saba, na singeli imefunguliwa mpaka mwisho.
Nikajisemea, wana spika nzuri hawa.
Besi ikashuka.
Ikashuka tena, chini kabisa.
Ikakoroma.

Nilisimama pale kwenye michongoma.
Nilitaka kupiga kelele, nikakumbuka bei yake.
Ndani walikuwa wanacheza, wake zao, watoto wao,
na yule kijana wa waya, amevaa fulana ya kiraia,
anakata kiuno hasa, kiuno cha kwetu,
hakuna aliyemwuliza karatasi.
Mguu wangu nao, msaliti, ukawa unapiga chini.

Na nikafurahi, Mungu anisamehe,
nikafurahi kidogo:
kiraka changu bado kimeshika.